Unyayo wa Blandina

Tangu Ijumaa hakuna mtu nyumbani kwa Mzee Kasmir aliyekubali kupita karibu na kabati la vyombo. Juu ya kabati hilo, ndani ya khanga iliyopigwa fundo, rozari ya Mama Mektilda ikiwa imelazwa juu yake, kulikuwa na mguu wa Blandina.

Msishtuke. Blandina mwenyewe alikuwa na miguu yake yote miwili. Kilichokuwa juu ya kabati ni unyayo wake tu, uliotengenezwa kwa ule unga mweupe wanaomfungia mtu hospitali akivunjika mfupa. Vidole vyote vilionekana, hata kale kakovu ka kisigino alikokapata utotoni kwao Kibosho. Ulikuwa unyayo mzuri, kama unyayo unaweza kuwa mzuri. Lakini kwa Mama Mektilda ile ilikuwa roho ya mwanawe, na imeshikwa.

Aliyeuleta ni Benjamini, na hapo ndipo penye matata, maana Benjamini ndiye kijana ambaye Blandina alikuwa akimpenda.

Alikuwa Mmakua wa Masasi, mrefu, sauti yake ya chini, fundi katika karakana ya Makumbusho kule mjini. Duka la Mzee Kasmir lilikuwa mbele ya nyumba yake, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, likiuza makarai, sufuria, kandili na chochote kilichopatikana mwaka ule wa themanini, mwaka wa foleni. Benjamini alikuja mara ya kwanza kununua karai la kukorogea unga wake. Wiki iliyofuata akaja kununua jingine. Kisha jingine. Mzee Kasmir, ambaye hajapata kumkataa mteja maishani mwake, akaanza kujiuliza ni Makumbusho gani hayo yanayokula makarai. Jibu lilikuwa limekaa nyuma ya kaunta, limejifunga kilemba cha buluu, linatazama chini na kutabasamu.

Kazi iliyomshughulisha Benjamini siku zile ilikuwa nyayo. Wataalamu walikuwa wamezikuta Laetoli, kule Ngorongoro, juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe: nyayo za viumbe waliopita hapo wakitembea kwa miguu miwili, miaka zaidi ya milioni tatu iliyopita. Benjamini alikuwa akitengeneza nakala zake. Siku moja akamwomba Blandina akanyage kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu, ili watu waje waone mguu wa zamani na mguu wa leo ukiwa kando yake.

“Kwa nini mimi?” Blandina aliuliza.

“Kwa sababu wewe ni mfupi.”

“Ahsante sana.”

“Yule mdogo wa Laetoli naye alikuwa mfupi. Vua kiatu basi.”

Akavua. Benjamini akamshika kiwiko asianguke, na ingawa Blandina alishakanyaga, akatoa mguu, akavaa kiatu, mkono ule uliendelea kumshika kiwiko. Hakuna aliyemkumbusha mwenzake.

Basi Ijumaa Benjamini akatokea dukani mchana kweupe, furushi la magazeti mikononi, uso unang'aa. Kazi imemtoka vizuri, na fundi ambaye kazi imemtoka vizuri hana akili. Hakuangalia nani yupo. Mama Mektilda alikuwepo, amekaa juu ya debe anachagua mchele. Bi Zamzam wa nyumba ya pili, Mzaramo wa kuzaliwa papo hapo Kariakoo, naye alikuwepo. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi akasahau kuondoka.

“Shikamoo mama. Tazameni!” akasema Benjamini, akafungua magazeti. “Huu unyayo wa Blandina. Nimeuchukua mwenyewe.”

Mchele wote ukamwagika.

“Yalaa!” Bi Zamzam akashika kichwa. “Kamchota unyayo mtoto wa watu! Na anatuonyesha!”

Kwa asiyejua: iwe Pwani, iwe bara, iwe kusini, husemwa kwamba anayetaka kumdhuru mtu huchota mchanga wa unyayo wake akaenda kuufanyia anayoyajua. Ukishikwa unyayo, umeshikwa wewe. Mtoto mdogo analijua hilo. Benjamini naye alilijua, ila kutwa nzima alikuwa ameshika nyayo, na mtu akishika kitu kutwa nzima husahau kwamba wenzake wanakiogopa.

Alifukuzwa kabla hajamaliza sentensi. Ukabaki mguu. Kuuvunja hawakuthubutu, maana Bi Zamzam alisema ukivunjika huo na wa mtoto utavunjika. Kuutupa ndiyo kabisa. Ndiyo ukapandishwa juu ya kabati, Mama Mektilda akauwekea rozari, jioni Bi Zamzam akaja kuusomea dua, ikawa dini mbili zinalinda mguu mmoja.

“Upuuzi,” Mzee Kasmir alisema. Alikuwa mtu wa kanisa na wa biashara, mambo ya nyayo hakuyataka dukani kwake.

Lakini Jumamosi Blandina akateleza barazani akiwa amebeba makarai, kifundo cha mguu kikateguka, kikavimba. Mguu wa kulia. Ule ule. Mama Mektilda akaketi chini sakafuni akalia kwa sauti, na Mzee Kasmir hakusema tena upuuzi. Akatoa hukumu yake. Benjamini aitwe Jumapili alasiri, aje akifungue alichokifunga. Baada ya hapo asionekane tena Mtaa wa Sikukuu. Na Blandina afunge sanduku. Jumatatu alfajiri kuna basi la Moshi.

“Baba, nitakaa Kibosho mpaka lini?”

“Mpaka umsahau.”

“Na huko yupo Wilbert wa mwalimu,” Mama akaongeza huku akipangusa machozi. “Kila mwaka anakuulizia.”

Blandina alijua hatamsahau Benjamini, na alijua vilevile kwamba msichana akishapelekwa kwa bibi yake kumsahau mtu, mara nyingi hurudi akiwa mke wa mwingine. Usiku alilitazama lile fundo la khanga juu ya kabati, akauonea huruma mguu wake mwenyewe.

Jumapili walikwenda misa Msimbazi kama kawaida. Wakati wa kurudi wingu lilikuwa limejaa, na Mzee Kasmir, kama kawaida yake tangu wamfahamu, akatangulia. Alikuwa na miguu mirefu na haraka ya mtu aliyekuja mjini na gunia moja la vitunguu. Blandina siku zote alikuwa akitembea naye bega kwa bega, huku mama yake, mwenye goti bovu, akija nyuma taratibu. Siku hiyo kifundo kilimwuma, akabaki nyuma na mama yake. Kwa mara ya kwanza akauona mgongo wa koti la baba yake ukizidi kuwa mdogo mbele yao.

“Mama, hamwambii akungoje?”

“Nilimwambia zamani,” alisema Mama Mektilda. “Kabla hujazaliwa.”

Mvua ya rasharasha ikawakuta njiani, ikakatika kabla hawajafika, wakaingia nyumbani wameloana, Mzee Kasmir akiwa ameshavua koti na anakunywa chai.

Benjamini alikuja alasiri. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa mashaka makubwa. Blandina alitumwa kumfungulia mlango wa uani, na pale mlangoni wakapata pumzi chache za kuwa peke yao.

“Mguu unauma?” akanong'ona Benjamini.

“Unauma.”

“Ni mimi?”

“Ni makarai yako. Ungenunua yale niliyoyabeba, nisingeanguka.” Alitaka kucheka ila macho yakajaa maji. “Wananipeleka kesho, Benja. Baba ameshasema. Ukishindwa leo, basi.”

Benjamini alimtazama kwa namna ambayo Blandina aliibeba moyoni hadi uzeeni. Kisha akainua kitu alichokuwa amekishika chini ya kwapa, kimefungwa kwa magazeti.

Kutoka upande wa pili wa ua, kichwa cha Bi Zamzam kikachomoza juu ya makuti.

“Mektilda wee! Kaja na mwingine!”

Uani palikuwa na matope, na Mama Mektilda, kama afanyavyo kila masika, alikuwa ameyamwagia majivu ya jiko asubuhi kabla ya misa, ili watu wasiteleze. Mzee Kasmir alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Benjamini akaamkia, akaitikiwa, lakini hakukaribishwa kiti.

“Wewe ndiye unayesema baba yangu alikuwa nyani?” Mzee Kasmir alianza. Hilo halikuwa shauri la siku ile, ila lilikuwa limemkaa rohoni tangu alisikie redioni.

“Sijasema hivyo, mzee.”

“Redio imesema.”

“Mzee, nyani kidole gumba chake cha mguu kimeachana na wenzake, kama cha mkono. Anashikia tawi. Zile nyayo za Laetoli kidole gumba kimelala na vidole vingine, na kisigino ndicho kilichotangulia kukanyaga. Ni mwendo kama wangu na wako.”

“Kwa hiyo walikuwa watu?”

“Wataalamu wanasema hawakuwa watu kama sisi. Kichwa kilikuwa kidogo bado. Ndicho kitu kipya walichokiona pale: kwamba tulianza kutembea wima zamani sana, kabla akili haijakua.”

Mzee Kasmir akafikiri. “Watu wanaotembea kabla ya kufikiri wapo hadi leo. Mmoja alileta mguu dukani kwangu.”

Bi Zamzam akacheka kule nyuma ya makuti. Benjamini naye akainamisha kichwa, akatabasamu kidogo.

“Ni kweli, mzee. Nimekosa. Bibi yangu kule Masasi alikuwa akifuta nyayo zangu kwa ufagio kila nikitoka mtoni. Sikupaswa kusahau.”

“Na Mungu je? Katika hayo yenu yuko wapi?”

“Mimi nasali, mzee. Ninachokijua mimi ni unga na maji. Aliyewatembeza wale ni nani, hilo siwezi kulitengenezea nakala.”

Jibu hilo lilimpendeza Mzee Kasmir, ila hakutaka lionekane, akakunja uso zaidi. Mama Mektilda ndiye aliyeuliza, kutoka mlangoni, amejishika goti.

“Hebu niambie. Unyayo wa mtu unafutika kabla jioni haijafika. Huo wa kwenu umekaaje miaka yote hiyo?”

“Ilikuwa kama uani hapa, mama. Mlima ulitema majivu yakaanguka. Ikanyesha mvua ndogo kama ya leo. Wakapita. Jua likayakausha, mlima ukatema mengine ukafunika. Hata matone ya mvua yameacha alama pale, vitundu vidogo vidogo, unavihesabu.”

“Walikuwa wangapi?”

“Wengine wanasema wawili, wengine wanaona alikuwepo na wa tatu, aliyekanyaga humo humo katika nyayo za mkubwa. Lakini waliopita ubavu kwa ubavu ni mkubwa na mdogo. Na kuna jambo moja, mama, ambalo mimi kila nikizishika zile nyayo nalifikiria.”

“Lipi?”

“Yule mkubwa alikuwa na mguu mrefu. Angeweza kupiga hatua ndefu, akaenda zake. Lakini hatua zao zinalingana. Wanakwenda pamoja. Wenyewe wataalamu wanaona huenda alikuwa akipunguza mwendo kwa ajili ya yule mdogo.”

Blandina hakumtazama Benjamini. Alimtazama mama yake. Mama Mektilda alikuwa ameinamisha kichwa, macho yake yakitembea juu ya majivu ya uani, kuanzia mlango wa nje hadi kigoda cha mumewe.

“Alimngoja,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na kichwa hakina kitu.”

“Kilikuwa kidogo, mama.”

“Lakini akamngoja.” Akanyoosha kidole chini. “Baba Blandina, hebu tazama hapa. Hizi nyayo ndefu zenye vitundu vya mvua ni zako. Ulipita, ndipo mvua ikanyesha juu yake. Hizi fupi hazina kitundu hata kimoja. Hizi ni zangu na za mtoto. Sisi mvua ilikwisha kutunyeshea huko njiani.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Mzee Kasmir. Hasira za mkewe alizizoea, alijua namna ya kuzipisha zipite. Alitazama chini. Nyayo zake zilikuwa pale, wazi kabisa, zikienda mbio kuelekea kwenye chai. Akaivuta miguu yake chini ya kigoda.

“Hatukumwita kwa ajili hiyo,” Mzee Kasmir alisema hatimaye, sauti imeshuka. “Mektilda, mwulize la mguu.”

Mama Mektilda akavuta pumzi, akajinyoosha.

“Mwanangu anachechemea. Wewe umemshika unyayo. Mimi sijui ya Makumbusho, najua nililoambiwa na mama yangu. Utamfunguaje?”

Hapo ndipo Blandina alipofumba macho. Alijua Benjamini akisema “Mama, hayo ni ujinga,” yamekwisha, na alijua kijana yeyote aliyesoma angesema hivyo.

Benjamini alichuchumaa kwenye majivu, shati jeupe na yote, akafungua magazeti. Ndani yake ulikuwa unyayo mwingine. Mkubwa, mpana, kidole cha mwisho kimejikunja kidogo.

“Huu ni wangu, mama. Nimeutengeneza jana.”

“Wa nini?”

“Mimi siwezi kukwambia kwamba unyayo si kitu. Nikisema hivyo nitakuwa nimemtukana mama yako na bibi yangu. Ule wa Blandina unao wewe, sijaubakiza hata kipande. Na huu wangu nakuletea. Kama unyayo ni roho ya mtu, basi yangu hii, kaa nayo. Siku ukisikia nimemliza Blandina, sitakuwa na pa kukimbilia.” Akaunyanyua kwa mikono miwili. “Upokee, mama. Nampenda. Sina kingine cha kukuwekea.”

“Astaghafirullah,” alinong'ona Bi Zamzam.

Mama Mektilda hakuupokea mara moja. Alimkagua yule kijana kuanzia nywele hadi viatu, kama akaguavyo sufuria kabla ya kuiweka dukani, anatafuta tundu. Kisha akashuka ngazi, taratibu, mkono kwenye goti. Benjamini akanyanyuka nusu kutaka kumfuata, halafu akatulia, akamngoja afike. Hilo nalo Mama Mektilda aliliona. Akanyoosha mikono akauchukua ule mguu, hakuufunika kwa khanga.

“Mzito,” akasema. “Na hiki kidole?”

“Nilikanyagwa na ng'ombe, mama. Utotoni.”

“Mh. Ana kidole kibovu mimi nina goti bovu.” Akageuka, akaingia ndani nao. Wakamsikia akiburuta kiti hadi kwenye kabati, kisha akapaza sauti. “Blandina! Njoo unishike, nisianguke na mimi.”

Blandina aliingia akichechemea. Mama yake alikuwa juu ya kiti. Ameifungua ile khanga, ameiweka ile miguu miwili ubavu kwa ubavu, mdogo na mkubwa, na sasa alikuwa akihangaika na rozari, anaivuta huku na huku mpaka ikaifikia yote miwili. Alipoona imetosha akashuka, akashika mashavu ya binti yake kwa viganja vyenye unga mweupe.

“Unampenda kweli?”

“Kweli, mama.”

“Mtu wa mbali. Sisi lugha yake hatuijui, na yeye yetu haijui.”

“Najua, mama.”

“Haya.”

Walipotoka Mzee Kasmir alikuwa bado kwenye kigoda, lakini Benjamini alikuwa ameshapewa kiti. Hakuna aliyejua kilisogezwa lini.

“Kwetu,” Mzee Kasmir alikuwa akisema kwa ukali wa kulazimisha, “kijana akitaka binti haji mwenyewe. Anatuma wazee. Na wazee hawaji mikono mitupu, wanakuja na pombe ya mbege. Wewe umeleta mguu. Ukaleta na wa pili.”

“Ndiyo, mzee.”

“Mwambie mshenga wako aje na kitu cha kunywa. Akija na mguu mwingine namfungia mlango.”

Benjamini akasimama ili ashukuru. Alimtazama Blandina tu, na Blandina akamtazama, na mbele ya wazazi wote wawili na nusu ya kichwa cha Bi Zamzam hawakuweza kushikana hata mkono. Blandina alihisi kiwiko chake kikipata moto pale pale kiliposhikwa siku ile ya mchanga.

“Usimame wima basi,” Mzee Kasmir alisema. “Tukusindikize hadi barabarani, giza linaingia. Na wewe Blandina, hilo sanduku lifungue. Nguo zitavunda.”

Akachukua kofia yake, akatoka mbele kwa hatua zake zile ndefu, Benjamini nyuma yake. Blandina alibaki mlangoni. Aliuona mgongo wa baba yake ukivuka ua, ukafika mlango wa nje. Ukasimama.

Mzee Kasmir aligeuka. Alitazama majivu, akatazama kofia yake, akakohoa mara kadhaa pasipo na kikohozi.

“Mektilda,” akaita. “Nakungoja.”

Mama Mektilda alikuwa ameshavaa viatu tayari. Alivivua, akavifuta majivu, akavivaa upya kimoja kimoja. Kisha akajifunga khanga yake vizuri, akashuka ngazi, wala hakuharakisha.